Isimila, kambi ya kale kando ya barabara ya Mbeya

Abiria anayepanda basi la Mbeya pale Mbezi huwa hoi akifika Ipogolo, chini ya mji wa Iringa. Kilomita kama 20 mbele, pembeni ya barabara kuu, lipo korongo la Isimila. Watu wa Temeke na Kinondoni hulipita wamesinzia, na mimi naona hiyo ni hasara kubwa.

Mwaka 1951 mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aliokota humo mawe yaliyochongwa. Mwaka 1957 na 1958 akaja F. Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake, wakachimba. Walikuta mashoka ya mawe yamelaliana kwenye mchanga, mengine yakizidi sentimita 30 kwa urefu. Tazama moja kwa karibu: kitako kinene, ncha imechongoka, na pande zote mbili makovu ya vibanzi vilivyobanduliwa kimoja baada ya kingine. Aliyelichonga alijua umbo analolitaka kabla ya kugonga mara ya kwanza. Vipimo vya urani kwenye mifupa iliyopatikana hapo, ukiwamo wa kiboko, vilitoa umri wa miaka 260,000 hivi.

Je, watu walipiga kambi pale mawe yalipolala? Wachimbaji wa mwanzo waliamini hivyo. Waliowafuata walipochunguza mchanga waliona ni wa vijito, wakahoji kama mawe mengine hayakusombwa na maji na kurundikwa. Hoja yao ni nzito. Lakini maji hayachongi shoka. Watu walikuwapo karibu, na walikuja tena na tena, maana vifaa viko katika tabaka zaidi ya moja.

Isimila imetuachia mawe na mifupa michache, miti imeoza. Kwenye Mto Kalambo, mpakani mwa Rukwa na Zambia, ardhi yenye unyevunyevu iliihifadhi. Mwaka 2023 kundi la watafiti likiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool lilitangaza magogo mawili yaliyopishanishwa, la juu likiwa limechongwa pengo ili likae juu ya mwenzake. Umri wake si chini ya miaka 476,000, kabla binadamu wa aina yetu hajatokea. Kwa hiyo anayedai watu wa Isimila walijua mawe tu anahesabu kile ambacho udongo wa Iringa haukuweza kukiozesha.