Nani mwenye soko? Kusoma kuta za Bury St Edmunds

Wandugu, leo ninataka tutembee pamoja katika mji mmoja wa zamani wa soko huko Uingereza. Unaitwa Bury St Edmunds, uko Suffolk, upande wa mashariki wa Cambridge. Si mji mkubwa, unakaliwa na watu karibu 40,000. Watalii wanaenda pale juu ya bustani na nyumba za zamani zenye kuta zimepinda. Mimi pia nilitembea pale nikipiga picha kama wao. Lakini kadiri nilivyosoma historia ya ule mji, njo nilivyoona kwamba karibu kila jengo pale linajibu swali moja, tena swali ambalo sisi wote tunalijua: nani mwenye soko? Nani anakula takse yake, na kwa ruhusa ya nani?

Mji wenyewe una neno lake la heshima kwa Kilatini. Maana yake ni hivi: mahali patakatifu pa mfalme, kitanda cha kulelea sheria. Mfalme ni Edmund, aliyetawala East Anglia na kuuawa na Wadenmaki mwaka wa 869. Mwili wake uliletwa pale, watu wakaanza kuja kusali kwenye kaburi, na mwaka wa 1020 mfalme Cnut akaweka watawa wa Benedikto kulilinda. Sheria ni Magna Carta. Mwandishi mmoja wa zama hizo, Roger of Wendover, anasema kwamba mwaka wa 1214 mabwana wakubwa wa Uingereza walikutana katika kanisa la watawa wa Bury, wakaapa kumlazimisha mfalme John akubali haki zao. Mwaka uliofuata Magna Carta ikatoka.

Vizuri. Lakini hapa njo kuna jambo. Wakati mabwana walikuwa wanadai haki zao, wenye mji wenyewe, wauza nafaka, wafumaji, wachinjaji, hawakuwa na ruhusa ya kujiongoza bila abate, yaani mkubwa wa watawa. Walingoja hadi mwaka wa 1606. Hesabu mwenyewe: karibu miaka 400 ndani ya kitanda cha sheria, bila sheria yao.

Tuanze na barabara. Baada ya Wanormani kuingia Uingereza mwaka wa 1066, abate wa Bury alikuwa Baldwin, Mfaransa ambaye pia alikuwa munganga wa mfalme. Yeye njo alichora plani ya mji: barabara zilizonyooka, zinakatana kama mistari ya daftari la hesabu. Kitabu cha Domesday cha 1086, ile sensa kubwa ya mali ya Uingereza, kinasema kwamba kulikuwa nyumba 342 mahali ambapo miaka 20 kabla palikuwa shamba la kulima. Fikiri kidogo: nyumba 342 zimeota kwenye shamba la ngano, kwa wakati wa kizazi kimoja tu!

Na zile barabara hazikuchorwa ovyo. Simama juu kwenye Churchgate Street, angalia chini: jicho lako linakwenda moja kwa moja kwenye mnara mzito wa mawe, Norman Tower, uliojengwa katika karne ya 12. Nyuma ya mnara, kwenye mstari uleule, palikuwa kanisa kubwa la watawa, lenye urefu wa mita zaidi ya 150. Mtu aliyekuja kuuza kondoo alikuwa anaona kwanza nani ni mkubwa, kabla hajafungua mdomo kutaja bei. Plani ya mji ilikuwa hotuba, hata kwa mtu asiyejua kusoma.

Sasa ule ukubwa ulikuwa unafanya kazi namna gani kila siku? Tunajua kwa sababu ya mtawa mmoja, Jocelin wa Brakelond, aliyeandika habari za abate Samson, mwenye aliongoza kutoka 1182 hadi 1211. Jocelin alimpenda Samson, lakini hakuficha mambo. Anaeleza habari ya Herbert, padiri mkubwa wa pale, aliyejenga kinu cha upepo mwaka wa 1191. Ni moja kati ya vinu vya upepo vya kwanza vinavyotajwa katika maandishi ya Uingereza. Samson akakasirika vibaya sana, akaagiza kivunjwe. Herbert akaja kujitetea: upepo ni wa kila mtu, naye anataka kusaga nafaka yake mwenyewe tu. Samson akakataa. Alisema watu wa mji watakimbilia kile kinu, naye hataweza kuwaadhibu kisheria, kwa sababu wao ni watu huru. Herbert akakivunja kabla watumishi wa abate hawajafika.

Ile habari ilinishika sana. Samson hakuogopa wizi. Aliogopa watu huru wenye kuchagua mahali pengine pa kusagia. Mwenye kinu kimoja tu anakula kwa kila mkate unaookwa mjini. Kikija kinu cha pili, uhuru wa watu unaanza kuwa kitu cha kweli, kitu cha kupimwa kwa kilo ya unga.

Jocelin anataja pia takse ndogo ya mavuno. Ilitozwa nyumba kwa nyumba. Matajiri walipata namna ya kuponyoka, lakini kwa maskini watumishi waliingia wakabeba vyombo, hata milango. Basi wamama wazee walikuwa wanatoka nje na vijiti vyao vya kusokotea nyuzi, wanawatukana na kuwatisha wale watoza takse. Mwishoni watawa waliona haya, wakaiondoa, na mji ukakubali kulipa pesa moja iliyopangwa kwa mwaka badala yake. Majina ya wale wamama hatunayo. Lakini takse ilibadilika, na jambo lao likaingia katika kitabu.

Lakini wandugu, tusifanye historia ya haki kuwa hadithi ya watakatifu. Siku ya Matawi mwaka wa 1190, Wayahudi 57 waliuawa Bury. Wale waliobaki, Samson mwenyewe aliomba ruhusa ya mfalme kuwafukuza mjini. Monasteri ilikuwa na madeni mengi kwa Wayahudi wakopeshaji. Watu wanaweza kudai haki yao asubuhi na kumnyang'anya jirani haki yake jioni. Nikitembea kwenye barabara za Baldwin, hilo pia ninalikumbuka.

Miaka ikapita, hasira ikaongezeka. Mji ulikuwa umetajirika kwa nafaka, sufu na nguo. Wafanyabiashara walikuwa na pesa, walikuwa na chama chao, lakini ufunguo wa milango ya mji, mahakama ya soko, vipimo, takse ya meza, vyote viliishia kwa abate. Mwaka wa 1327, nchi ikiwa katika fujo baada ya mfalme Edward wa Pili kuondolewa, watu wa Bury waliingia monasteri kwa nguvu, wakachukua mali na hati, wakamlazimisha abate kuandika kwamba mji una haki ya kujitawala. Ugomvi uliendelea miezi na miezi, majengo yakachomwa. Mwaka uliofuata kundi moja lilimteka abate, wakamvusha bahari, wakamficha Diest, mji ulio katika Ubelgiji ya leo. Serikali ikatuma nguvu, ile hati ya haki ikafutwa, mji ukatozwa faini.

Hapo njo tunafika kwenye jengo zuri kuliko yote pale, Abbey Gate, mlango mkubwa unaotazama uwanja wa Angel Hill. Ulijengwa upya katika karne ya 14, kwa sababu ule wa kwanza uliharibiwa katika fujo za 1327. Kila mtalii anaupiga picha: umechongwa kama kabati la vyombo vya dhahabu, una vyumba vidogo vya kuwekea sanamu. Lakini karibia. Nyuma ya mahali pa sanamu kuna matundu membamba ya kupigia mishale. Kulikuwa pia mlango mzito wa kushushwa kutoka juu kuziba njia. Watawa waliweka watakatifu mbele na mishale nyuma ya watakatifu. Mimi sijaona jengo lingine lenye kusema ukweli wa mwenye nalo wazi namna hii.

Na woga wao ulikuwa na sababu. Mwaka wa 1381, wakulima wa Uingereza walipoasi, kundi la Bury lilimuua mkubwa wa watawa wa wakati huo pamoja na Sir John Cavendish, jaji mkuu wa nchi, na vichwa vyao vikawekwa juu ya miti katika soko. Mfalme alipotangaza msamaha kwa waasi, Bury uliachwa nje ya msamaha hadi ulipe faini kubwa. Damu ilimwagika mara mbili, na mara mbili abate alibaki na soko lake.

Kitu gani kilifanya kazi basi? Jibu halina kelele, labda njo maana watalii wengi wanalipita. Liko Guildhall Street, katika nyumba ya mkutano ya zamani yenye mlango wa mawe wa karne ya 13. Katika karne ya 15 kulikuwa mfanyabiashara tajiri, Jankyn Smyth. Kila mara abate mpya alipochaguliwa, mji ulilazimishwa kulipa pesa nyingi. Smyth aliacha mashamba, ili mapato yake yalipe hiyo pesa, na itakayobaki isaidie mji. Alikufa mwaka wa 1481, na paka leo kila mwaka kuna ibada ya kumkumbuka. Wengine wakafuata mfano wake. Mali ikawekwa mikononi mwa kamati ya wenye mji, iliyokuwa inakutana Guildhall. Kwa karatasi ilikuwa kazi ya sadaka. Kwa kweli ilikuwa shule ya kutawala: kuandika hesabu, kupangisha mashamba, kusaidia maskini, kukaa pamoja na kukata shauri.

Mwezi wa Novemba 1539 mfalme Henry wa Nane alifunga monasteri. Mtu angefikiri siku ileile mji ulipata uhuru. Hapana. Mji ukabaki bila abate na bila hati yake. Kwa zaidi ya miaka 60, ile kamati ya Guildhall njo ilifanya kazi nyingi za serikali ya mji, ikiwa haina jina la serikali. Wakati mfalme James alipotoa hati mwaka wa 1606, alikuta watu wanaojua tayari kushika kalamu na sanduku la pesa.

Na mawe ya abate? Nenda ndani ya bustani, utaona nguzo kubwa zenye kukwaruzwa, kama meno mabovu. Ni mawe madogo magumu na chokaa tu, ule moyo wa ukuta. Mawe mazuri yaliyochongwa ya nje yalibebwa, yakaingia katika nyumba na kuta za mji. Tena jambo la ajabu zaidi: ndani ya uso wa mbele wa kanisa lililobomoka, katikati ya matao ambapo mapadiri walipita, watu walijenga nyumba za kukaa. Zipo paka leo, na madirisha yao na mapazia yao.

Mwaka wa 1608 moto mkubwa uliteketeza nyumba nyingi. Baadaye, katika karne ya 18, wenye pesa walipenda mtindo mpya, wakaweka fasade ya matofali iliyonyooka mbele ya nyumba za zamani za mbao. Kwa hiyo usidanganyike: ukiona uso wa matofali na madirisha yaliyopangwa sawasawa, ingia ndani utakuta mbao nzito zilizopinda tangu zamani za watawa. Uso ni wa mjukuu, mifupa ni ya babu.

Soko lenyewe liko paka leo, siku ya tatu na siku ya posho, palepale juu ya mji, kando ya Moyse's Hall, nyumba ya mawe ya mwaka wa 1180 hivi, iliyoona haya yote na sasa ni makumbusho. Watu wananunua samaki, jibini, maua. Takse ya meza inaenda kwa baraza la eneo, na wakazi njo wanalichagua. Hakuna anayeshangaa. Kitu ambacho watu waliuawa juu yake sasa ni risiti ndogo ya karatasi.

Sisi wenye masomo tunapenda kuhesabu miaka ya vita na majina ya wafalme. Bury inanifundisha kuuliza pia maswali madogo. Barabara hii inaelekeza macho kwa nani? Mlango huu ulimwogopa nani? Nani alikuwa anaandika hesabu wakati wengine wanapiga kelele? Fujo za 1327 ziliacha mlango wenye matundu ya mishale. Daftari la Guildhall liliacha serikali. Msikilize wamama wa vijiti, ndiyo, bila wao hakuna linaloanza. Lakini kesho yake asubuhi, lazima mtu afungue daftari.

Ukipita katika soko la kwenu wiki hii, simama kidogo. Uliza wazee ni nani alipima zile meza, nani alichora ile barabara, na pesa ya asubuhi inalala wapi usiku. Andika wanachokujibu.