Kupanga upya sura ya tovuti ya habari za nyumbani: tuliyoyaona Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa

Nimeulizwa mara nyingi na vijana wa Songea, Njombe na hata Kyela: "Kaka, tunataka kubadilisha sura ya tovuti yetu ya habari za wilaya, tuanzie wapi?" Nikijibu mmoja mmoja sitamaliza, basi naandika hapa jumla. Mimi si mtaalamu wa kusomea. Nilishiriki kupanga upya tovuti moja ndogo ya habari za Mbinga na Nyasa, tukakosea, tukarudia. Ninayoyasema mengi yametoka kwenye kukosea huko.

Kwanza neno lenyewe. Kitaalamu inaitwa kiolesura, yaani kila kitu ambacho jicho na kidole cha msomaji vinakutana nacho kabla hajaifikia habari: vitufe, menyu, ukubwa wa herufi, rangi, mpangilio. Watu wengi wakisikia "kupanga upya" wanafikiria rangi mpya na nembo inayong'aa. Hapana. Swali ni moja tu: mtu aliyekuja na haja yake, ameipata kwa kugusa mara ngapi, na imemgharimu bando kiasi gani?

TULIKOTOKA

Kurasa zetu nyingi za Kiswahili zilirithi sura ya miaka ya 2000. Issa Michuzi alipoanza blogu yake mwaka 2005, nchi nzima ilifundishwa kusoma kwa mtindo ule: jipya juu, picha kubwa, maelezo mafupi, la zamani linashuka chini. Mwaka uliofuata ikaja Jambo Forums, ambayo mwaka 2008 ikawa JamiiForums, yenyewe ikapanga kwa majukwaa: siasa kivyake, biashara kivyake. Hiyo ndiyo mipango miwili mikubwa tuliyo nayo mpaka leo, wa wakati na wa mada. Yote ilifaa sana kwa mtu aliyekaa intaneti kafe mbele ya kioo kikubwa, amelipia nusu saa.

Yetu nayo ilikuwa hivyo hivyo. Safu tatu, saa inayozunguka pembeni, maandishi yanayokimbia juu, kihesabu cha wageni. Ukiifungua kwenye simu unaona uzi mwembamba wa herufi kama mchwa. Tukasema tuibadilishe.

Na hapa ndipo tulipochemka. Tulichukua templeti nzuri ya kizungu, tukaweka picha kubwa zinazobadilishana juu kabisa. Pale Mbinga mjini, kwenye kompyuta ya ofisini, tulipongezana kweli kweli. Wiki iliyofuata nikateremka Liuli kwa shughuli zangu. Jioni nimekaa pale mitumbwi inapovutwa, nikamwomba mzee mmoja mvuvi, jirani yetu wa zamani, afungue ukurasa kwenye simu yake. Akasubiri. Ikaja picha ya kikao cha halmashauri. Akasubiri tena, picha ya harusi. Tahadhari ya upepo wa usiku ule ilikuwa ya tatu, na ile ya tatu haikufunguka. Akanirudishia simu kwa upole: "Mwanangu, hii ni ya wakubwa." Kisha akaenda kuandaa nyavu.

Alirudi salama, msihofu. Lakini mimi usiku ule sikulala vizuri.

Asiyelijua ziwa hili anaweza kuona nakuza mambo. Kuanzia Mei mpaka Agosti hivi, upepo wa kusini-mashariki, ule ambao wenzetu wa Malawi wanauita mwera, unaweza kulichafua ziwa kwa siku kadhaa mfululizo. Mtu yuko kwenye mtumbwi wa gogo anafuata usipa gizani. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa upo, unatolewa. Tatizo ni safari yake kutoka kule mpaka kwenye kiganja cha huyu mzee, na sehemu ya mwisho ya safari hiyo ndiyo kiolesura. Sisi tulikuwa tumeiziba kwa picha ya harusi.

KINACHOOZA HARAKA KIKAE JUU

Basi tukagundua kwamba mpango wa wakati haututoshi, na wa mada nao hautoshi. Tahadhari ya saa 10 jioni ikizikwa na habari za msiba zilizowekwa saa 11, imekufa. Ukiificha ndani ya jukwaa la "Mazingira", nani ataingia humo? Tukapanga kwa kitu cha tatu: habari inaoza lini. Juu kabisa ukanda mmoja wa maandishi matupu, bila picha, unaitwa "Ziwani na barabarani". Humo mna upepo, meli, barabara ikikatika. Mengine yote yanashuka chini kwa mtindo wa kawaida.

Kila tangazo la ukanda huo lina vitu vitatu vya lazima: nani kasema, kasema lini, na linakwisha lini. Likifika mwisho linajiondoa lenyewe. Hili la kujiondoa msilipuuze, manake tangazo la juzi linaloonekana kama la leo ni baya kuliko ukurasa mtupu. Pasipo na tangazo tunaandika "Hakuna taarifa mpya tangu..." na tarehe. Hatuandiki "hali ni shwari". Hilo si letu kulisema.

Sasa saa. Jamani, saa! Templeti zote zimetengenezwa na watu wanaohesabu kuanzia usiku wa manane. Tuliwahi kuacha programu iandike yenyewe muda wa meli kuondoka Mbamba Bay, ikaandika 07:00. Mama mmoja akasoma saa saba, akaja mchana na magunia yake. Meli ilishaondoka saa moja asubuhi. Kosa letu, tukamwomba radhi, lakini radhi haibebi magunia. Tangu hapo saa zinaandikwa Kiswahili na sehemu ya siku: saa 1 asubuhi, saa 8 mchana. Tarehe nayo usiandike 5/6, kuna programu zinazoiweka kwa mtindo wa Marekani ikawa tarehe 6 Mei. Andika 5 Juni. Na usiku una ubishi wake: "Ijumaa usiku" kwa wengine ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Tunaandika "usiku wa kuamkia Jumamosi", hapo hakuna anayebisha.

"Leo" na "kesho" tumezifuta kabisa kwenye ukanda. Sababu ni kwamba tangazo haliishii kwenye tovuti. Linanakiliwa, linatumwa kwa WhatsApp, kwa meseji ya kawaida kwa mwenye kitochi, mwingine analiandika kwa chaki kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Likifika huko kesho yake, "leo" imekuwa uongo. Kwa sababu hiyo hiyo tumeweka kikomo cha herufi 160, zinazoenea meseji moja. Mfano tu wa kuonyesha: "ZIWA NYASA: upepo mkali toka kusini, usiku wa kuamkia Jumamosi 6 Juni hadi saa 4 asubuhi. Mitumbwi midogo isitoke. Chanzo: TMA, Ijumaa 5 Juni saa 10 jioni." Hesabuni wenyewe, inaenea.

MANENO YA VITUFE

Kuna kazi kubwa ilishafanywa hapa na tusijifanye tunaanza sifuri. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Facebook ya Kiswahili ikaja 2009. Baadhi ya maneno watu wameyapokea, kama "pakua" na "tafuta". Mengine yamebaki kwenye menyu tu, sijamsikia mtu akiyatamka dukani.

Sisi tulikuwa na kitufe "Nyumbani". Wasomaji wawili walikigusa wakidhani ni habari za nyumbani, yaani za kwao, mmoja akauliza mbona za Lituhi hazimo. Sasa ni "Mwanzo". "Bofya hapa" tuliibadilisha ikawa "Gusa hapa", simu haina kipanya. "Wasilisha" ikawa "Tuma". Ukisita kati ya neno la kamusi na neno la kijiweni, nenda kwenye gulio usikilize.

Menyu ya maeneo ilikuwa kwa alfabeti, na hakuna mtu wa mwambao anayefikiri kwa alfabeti. Tumeipanga kama meli inavyoteremka: Lituhi, Ndumbi, Liuli, Mbamba Bay, mpaka Chiwindi mpakani. Wa milimani wana sehemu yao, manake Nyasa ilikuwa ndani ya Mbinga mpaka 2012 na haja zao ni tofauti. Mmatengo wakati wa mavuno anataka bei ya kahawa. Hapo jambo la msingi ni kipimo: kilo ya nini? Kahawa mbivu na kahawa iliyokaushwa ya maganda ni bei mbili zisizofanana kabisa, na namba isiyo na kipimo imewagombanisha watu.

UZITO NA MWANGA

Kebo ya SEACOM ilitua Dar es Salaam mwaka 2009 na mambo yakabadilika, lakini kasi ya Dar siyo ya Kihagara, na watu wananunua bando la siku. Fanya hesabu: ukurasa wa kwanza wa ile templeti yetu ulikuwa na megabaiti 3. Wa sasa ni kilobaiti 150. Kwa bando lile lile mtu anafungua mara 20. Tulipunguza vipi? Picha haifunguki mpaka uiguse, na pembeni imeandikwa uzito wake. Fonti ni ile iliyomo kwenye simu tayari. Video hakuna.

Rangi: maandishi ya kijivu kwenye weupe yanapendeza ofisini, ufukweni saa 6 mchana hayaonekani. Miongozo ya kimataifa ya kurasa inataka tofauti ya mwanga isipungue 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Sisi tumeweka nyeusi kwenye nyeupe, basi. Vitufe viwe vipana, upana wa kidole hasa, milimita 9 hivi. Mtu ana mikono yenye magamba ya samaki.

KUJARIBU

Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba ukijaribu na watu watano unaona sehemu kubwa ya makosa. Ni kweli, ila kwetu kuna nyongeza. Ukimuuliza mtu "Unaionaje?" atakujibu "Nzuri tu", kwa adabu. Usiulize. Mpe haja: "Angalia meli inakuja lini", kisha nyamaza utazame kidole gumba kinasita wapi. Na mzee humpi mtihani. Unasema "Shikamoo baba, naomba unisaidie, huu ukurasa tumeukosea mahali", naye atakuonyesha makosa usiyoyaota.

Yule mzee wa Liuli nilimrudia. Ukanda aliuona mara moja. Halafu akaniambia mkewe hasomi, na mkewe ndiye anayebaki na simu yeye akiwa ziwani. Hilo hatukuwa tumelifikiria kabisa. Sasa tunajaribu kurekodi kila tangazo kwa sauti, sekunde 30, kwa ubora wa chini kabisa inatoka kilobaiti 60 hivi. Kitufe chake tumekichora spika, hakina maneno. Bado kwenye simu tatu za kichina tulizojaribu, moja inagoma kuicheza. Mwenye kujua dawa yake aniambie.