Majina Mengi, Mlango Mmoja

Kitu kimoja chaweza kupewa majina mengi, na asiyejua asili ya majina hayo hudhani kuwa vitu navyo ni vingi. Wakazi wa Magadi wana mfano wa jambo hili. Reli itokayo Konza na kupita Kajiado hadi Magadi ilijengwa katika miaka ya 1910, na upana baina ya vyuma vyake ni milimita 1,000. Kwa miaka mia hivi iliitwa reli tu. Ilipofunguliwa reli nyingine kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, yenye upana wa milimita 1,435, ile ya kwanza na wenzake zikawa reli za zamani. Vyuma havikusogea, lililobadilika ni jina.

Historia ya kompyuta ina kisa kama hicho. Mwaka 1984 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta iliyoitwa AT. Siku hizo diski ya kuhifadhi habari iliongozwa na kibao kilichokaa mbali nayo. Miaka michache baadaye, Western Digital na Compaq zilishirikiana kukihamishia kibao hicho katika diski yenyewe, na mpango huo ukaitwa IDE. Walioandika kanuni zake rasmi, zilizotolewa mwaka 1994, walichagua jina la ATA, yaani kiungo cha kompyuta ya AT. Wafanyabiashara nao hawakunyamaza: Western Digital ikatangaza EIDE, na Seagate ikatangaza Fast ATA. Hata hivyo, mlango wa diski hizo ulikuwa ule ule wa pini 40.

Mwaka 2003 diski za SATA zilianza kuenea. Hizi hupeleka biti moja baada ya moja, kama watu wapitao njia nyembamba. Zile za kwanza zilipeleka biti 16 bega kwa bega. Ikalazimu kuzitofautisha: herufi S ikawa ya mfululizo, na ATA ya kwanza ikaongezewa P ya sambamba, ikawa PATA.

Tuseme shuleni pana kompyuta kuukuu ya mezani iliyokufa, na diski yake ina kumbukumbu za miaka mingi. Mwanafunzi aliyesoma IDE juu ya diski, akaambiwa dukani kuwa viungo vilivyopo ni vya PATA, aweza kurudi mikono mitupu, na kumbukumbu zikatupwa. Ajuaye historia atahesabu pini 40 na kununua bila shaka. Wala hatadanganywa na kufanana kwa majina: SATA ina herufi za ATA ndani yake, bali mlango wake wa habari una njia 7 tu, na waya wa mmoja hauingii kwa mwingine, kama gari moshi la Magadi lisivyoweza kupita juu ya reli ya milimita 1,435.

Basi, msomaji, uliza jina lilitolewa lini na kwa sababu gani, kisha pima.