Mkondo wa Stima Ulivyofika Eastlands

Mwaka 1800 Mwitaliano Alessandro Volta alipanga visahani vya zinki na fedha, akavitenganisha kwa vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi, akapata mkondo wa umeme usiokatika. Mwaka 1827 Mjerumani Georg Ohm alieleza kanuni yake: volti, yaani msukumo, zikizidi, mkondo huongezeka, ukinzani ukizidi, mkondo hupungua. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alizalisha umeme kwa kusogeza sumaku ndani ya koili ya waya. Humo ndimo ilimotoka jenereta.

Mwaka 1908 mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee aliihamishia Mombasa jenereta iliyoangaza kasri la Sultani wa Unguja. Mwaka huohuo mhandisi Clement Hertzel alipewa haki ya kusambaza umeme Nairobi, na mwaka 1922 kampuni za miji hiyo miwili ziliungana. Lakini waya zilifuata fedha na rangi. Pumwani, mtaa uliotengewa Waafrika upande wa mashariki, uliendelea kuwasha koroboi na chemli.

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Uganda, na kampuni mpya ikaundwa ili kujenga laini kutoka Tororo hadi Nairobi. Laini hiyo iliishia Juja Road, ukingoni mwa Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya Nairobi. Ilibeba volti 132,000, kwa kuwa volti zikipanda, nishati ileile husafiri kwa mkondo mdogo, na kinachopotea njiani kama joto hupungua. Transfoma ndizo huzishusha hadi 240 za nyumbani.

Baada ya uhuru mitaa iliongezeka: Buruburu, Umoja na Dandora katika miaka ya 1970, kisha Kayole. Mahitaji nayo yalibadilika. Kwa volti 240, balbu ya wati 60 huvuta mkondo wa robo ya ampea. Jiko la koili la wati 1,200 huvuta ampea 5, sawa na balbu 20. Ploti zilipogeuka ghorofa, transfoma zikaanza kuelemewa.

Leo mpangaji hununua tokeni ya umeme ya tarakimu 20, na pengine jirani yake amejiunganishia waya kiholela. Enzi zimepita, ila kanuni ya Ohm haijabadilika. Majiko mawili ya koili na pasi ya wati 1,000 vikichomekwa pamoja huvuta zaidi ya ampea 14. Soketi ya ukutani imeundwa kubeba 13, na ekstensheni haiongezi hata moja.