Sukari, Jeni na Vyumba vya Darini vya Taasisi ya Pasteur

Taasisi ya Pasteur, iliyofunguliwa rasmi mjini Paris mwezi Novemba 1888, ilijipatia sifa yake ya kwanza kwa chanjo na kwa vita dhidi ya maradhi ya kuambukiza. Hata hivyo, katika historia ya biolojia ya karne ya 20, sehemu yake iliyozaa matunda mengi zaidi ilikuwa ushoroba mwembamba wa darini, wenye vyumba vidogo vilivyosongamana watu na vyombo, ambamo André Lwoff aliongoza idara ya fiziolojia ya vijidudu tangu mwaka 1938. Humo, katika muda wa takribani miaka 25, ndimo ilimotambuliwa namna seli inavyoamua ni jeni zipi zitumike na zipi zinyamazishwe. Habari hiyo kwa kawaida husimuliwa kama sura ya historia ya jeni, na usimulizi huo si wa uongo. Lakini unafunika asili yake, kwa kuwa jambo lenyewe lilianza na swali la chakula, yaani namna kiumbe cha seli moja kinavyopata nishati na kuitumia bila kuitapanya, na nusu hiyo ya swali ndiyo iliyochelewa zaidi kupata jawabu.

Bakteria hupata nishati kwa kuvunjavunja molekuli za sukari hatua kwa hatua, na nishati inayotoka huwekwa katika molekuli iitwayo ATP, ambayo seli huitumia kugharimia kazi zake zote. Kazi inayomeza sehemu kubwa ya akiba hiyo katika bakteria anayekua ni utengenezaji wa protini, vikiwemo vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia ndani ya seli. Hapo ndipo palipo na mtego: ili seli ivunje sukari fulani inahitaji kimeng'enya chake, lakini kutengeneza kimeng'enya cha sukari isiyokuwapo ni hasara tupu. Bakteria wa utumbo aitwaye Escherichia coli huwa daima na vimeng'enya vya kutumia glukosi, ambayo ndiyo sukari rahisi kwake. Ama laktosi, sukari ya maziwa, huhitaji protini ya kuipitisha kwenye utando wa seli, kisha kimeng'enya kiitwacho betagalaktosidasi cha kuikata vipande viwili, glukosi na galaktosi. Kwamba vijidudu hutengeneza baadhi ya vimeng'enya pale tu vinapohitajika lilikuwa jambo la zamani. Frédéric Dienert alikuwa amelichunguza katika hamira huko huko Paris mwaka 1900, na katika miaka ya 1930 Henning Karström wa Finland alivitenga vimeng'enya vya kudumu na vile alivyoviita vya kujirekebisha. Hakuna aliyejua sababu.

Jacques Monod, aliyezaliwa mwaka 1910, hakuanza na sababu hiyo bali na hesabu ya ukuaji. Akiwa Sorbonne alikuwa akipima kasi ya bakteria kuongezeka kulingana na kiasi cha sukari walicholishwa, kazi iliyomletea shahada ya udaktari mwaka 1941, naye akagundua kwamba walipopewa mchanganyiko wa sukari fulani mbili, hawakuzila pamoja. Walikua haraka, wakasimama kwa muda, kisha wakaanza kukua tena, na grafu ikawa na vilima viwili vyenye bapa katikati: sukari iliyopendelewa ilikuwa imekwisha, na ya pili ilikuwa bado haijaanza kuliwa. Mwezi Desemba 1940, katika Paris iliyokuwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, Monod alimwonyesha Lwoff matokeo hayo, na Lwoff akamjibu kwamba huenda yanahusiana na vimeng'enya vya kujirekebisha, mada ambayo Monod, kwa kukiri kwake mwenyewe, alikuwa hajawahi kuisikia.

Vita viliingilia kati, ingawa havikuisimamisha kazi kabisa. Monod alijiunga na mapambano ya siri dhidi ya wavamizi, na inasimuliwa kwamba alificha nyaraka ndani ya mifupa ya miguu ya twiga aliyewekwa kama kielelezo nje ya maabara yake ya Sorbonne. Ilipokuwa hatari kwake kuonekana huko, Lwoff alimpa nafasi darini, na hapo, pamoja na Alice Audureau, alichunguza bakteria wasioweza kutumia laktosi ambao mara chache huzaa kizazi kinachoiweza, wakaonyesha kwamba uwezo huo hutokana na badiliko la jeni. Kwa hiyo mambo mawili yalikutana katika chombo kimoja cha kioo: jeni humpa bakteria uwezo, na sukari huuamsha uwezo huo. Lililobaki ni kujua sukari huamshaje.

Rai iliyokubaliwa na wengi wakati huo ilikuwa kwamba sukari yenyewe hulifinyanga umbo la kimeng'enya, kwa kukigeuza kutoka katika protini fulani iliyokwisha kuwepo. Rai hiyo ilianguka polepole. Monod na Melvin Cohn walipata kemikali zinazofanana na laktosi ambazo ziliamsha utengenezaji wa betagalaktosidasi japokuwa kimeng'enya hicho hakikuweza kuzikata, hivyo kuamsha na kuliwa yakawa mambo mawili tofauti. Kisha mwaka 1955, wakiwa na David Hogness, waliwalisha bakteria salfa yenye mnururisho kabla ya kuwaamsha, na walipowaamsha katika chakula kisicho na mnururisho walikuta kwamba kimeng'enya kipya hakikuwa nao: kilikuwa kimejengwa upya tangu mwanzo, wala hakikugeuzwa kutoka katika kitu cha zamani.

Upande wa pili wa ushoroba ule ule, François Jacob na Élie Wollman walishughulikia jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka halikuhusiana na sukari hata kidogo. Jacob, aliyezaliwa Nancy mwaka 1920, alikuwa mwanafunzi wa udaktari aliyekimbilia Uingereza mwaka 1940 na kupigana katika jeshi la Ufaransa Huru, barani Afrika kwanza, kisha Normandy, ambako majeraha ya mwaka 1944 yalimfungia njia ya upasuaji. Lwoff alimpokea mwaka 1950. Yeye na Wollman walichunguza bakteria wanaopitishiana DNA, molekuli inayobeba jeni, na ili kujua ni jeni ipi inayoingia lini, waliwatenganisha bakteria hao kwa nguvu katikati ya tendo kwa kutumia blenda ya jikoni. Jeni zilionekana kuingia kwa zamu, kwa mpangilio usiobadilika, na uzi mzima ulihitaji kama dakika 100. Mbinu hii, iliyobuniwa kwa kusudi jingine, ndiyo iliyoleta jawabu la laktosi.

Mwaka 1957 Arthur Pardee aliwasili kutoka California, na jaribio alilolifanya pamoja na Jacob na Monod linastahili kuelezwa kwa kituo. Palikuwa na aina ya bakteria waliotengeneza betagalaktosidasi wakati wote, laktosi iwepo isiwepo, kwa sababu jeni moja nyingine, iliyoitwa jeni i, ilikuwa imeharibika. Monod aliamini kwamba jeni hiyo iliyoharibika huzalisha ndani ya seli kitu cha kuamsha kimeng'enya. Basi walichukua bakteria watoaji wenye jeni nzima ya kimeng'enya na jeni i nzima, wakaziingiza jeni hizo katika bakteria wapokeaji walioharibikiwa na jeni zote mbili, bila kutia laktosi wala kiamshi chochote. Dakika chache tu baada ya jeni ya kimeng'enya kuingia, kimeng'enya kilianza kutengenezwa kwa kasi kamili. Lakini baada ya saa moja hivi utengenezaji ukakoma, na kuanzia hapo haukuendelea ila kwa kutiwa kiamshi. Maana yake ilikuwa kinyume cha imani ya Monod. Jeni i iliyo nzima ndiyo inayozalisha kitu, na kitu hicho ni kizuizi, ambacho huhitaji muda kujikusanya ndani ya seli iliyokuwa haina. Laktosi haiamrishi lolote. Humwondoa mlinzi tu. Mwanafizikia Leo Szilard alikuwa amekwisha kuwadokeza kwamba kuamsha kunaweza kuwa ni kuzuia kizuizi, dokezo ambalo Monod hakulikubali mpaka namba zilipomlazimisha.

Mengine yalifuata kwa haraka. Jacob aliona mwaka 1958 kwamba virusi vinavyolala ndani ya bakteria hunyamazishwa kwa njia hiyo hiyo. Jeni zinazopakana na kuwashwa pamoja zikapewa jina la operoni. Na kasi ya kuwaka kwake ikaonyesha kwamba kati ya jeni na protini lazima pawe na nakala ya muda mfupi, RNA mjumbe, ambayo Jacob, Sydney Brenner na Matthew Meselson waliithibitisha kwa majaribio ya California katika kiangazi cha 1960. Makala kuu ya Jacob na Monod ilitoka mwaka 1961, na Tuzo ya Nobel ikaja mwaka 1965 kwa wawili hao na Lwoff.

Hata hivyo, grafu ya vilima viwili ilikuwa bado haijaelezwa, kwa sababu kizuizi hutambua uwepo wa laktosi tu, wala hakijui lolote kuhusu glukosi. Mwaka 1965 Richard Makman na Earl Sutherland walionyesha kwamba glukosi hushusha ndani ya E. coli kiwango cha molekuli ndogo iitwayo AMP ya duara, na mwaka 1968 Agnes Ullmann na Monod waliona kwamba bakteria wakiongezewa molekuli hiyo hutengeneza betagalaktosidasi hata glukosi ikiwepo. Ullmann mwenyewe alikuwa ametoroshwa kutoka Hungaria mwaka 1960 kwa mpango alioushughulikia Monod. Vitabu vya kiada viliyapokea maelezo hayo, vikaongeza protini inayoshikana na AMP ya duara na kuzipa msukumo jeni za laktosi seli inapokuwa na njaa, na kwa miaka mingi suala likahesabiwa kuwa limefungwa.

Lilifunguliwa tena mwaka 1996, miaka 20 baada ya kifo cha Monod, pale Inada, Kimata na Aiba walipopima AMP ya duara katika kila hatua ya ukuaji na kukuta kwamba kiwango chake wakati bakteria wanakula glukosi hakitofautiani sana na kile cha wakati wanakula laktosi. Walipotumia bakteria wasio na kizuizi, bapa katikati ya vilima viwili lilitoweka. Kinachosababisha subira hiyo zaidi, kwa mujibu wa majaribio hayo, ni kwamba mtambo unaoingiza glukosi huifunga, wakati wa kazi yake, ile protini ya kupitisha laktosi kwenye utando, hivyo sukari ya pili haiingii, kizuizi kinabaki mahali pake, na jeni hazisomwi mpaka glukosi iishe.