Uzito Si Hoja: Sahani ya Almasi ya Viwandani na Namba Yake ya Forodha

Kuna hoja iliyozoeleka katika kazi ya uwakala wa forodha: sahani ya almasi ya fuwele nyingi, ile ambayo ankara huiandika PCD, iwekwe kwenye kichwa cha 82.09 cha mfumo wa HS wa Shirika la Forodha Duniani, pamoja na bamba na ncha za sameti (mchanganyiko wa metali na kauri, ikiwemo kabidi iliyoshindiliwa) ambazo hazijafungwa kwenye vifaa. Ushahidi unaotolewa ni mizani. Makala haya yanaipinga hoja hiyo.

Kuhusu almasi iliyo peke yake hakuna ugomvi wa maana. Ya asili ni 71.02, ya kutengenezwa ni 71.04, unga wa zote mbili ni 71.05. Tangu Januari 2022 almasi ya kutengenezwa imepewa hata vijichwa vyake yenyewe, 7104.21 na 7104.91. Ugomvi huanza pale almasi inaposhikamana na kitu kingine.

Sahani ya PCD huzaliwa kwenye mashine ya kushindilia, kwa shinikizo linalozidi angahewa 50,000 na joto la nyuzi 1,400 hivi za Selsiasi. Unga wa almasi hulazwa juu ya kisahani cha kabidi ya tangisteni. Kobalti iliyomo ndani ya kabidi huyeyuka, hupanda katikati ya chembe na kuzifanya ziungane. Chukua sahani ya kawaida yenye unene wa milimita 1.6, ambamo tabaka la almasi ni nusu milimita. Katika kila sentimita moja ya mraba, almasi ina uzito wa takribani gramu 0.2 na kabidi gramu 1.6. Kwa mizani, basi, karibu sehemu tisa kati ya kumi ni sameti. Wapinzani wetu huishia hapo, wakaandika 8209.

Wangesoma dokezo la 1 la Sura ya 82 wasingeishia hapo. Linapotaja sehemu zinazofanya kazi katika vifaa vya sura hiyo, linataja kwa mkupuo mmoja vito vya thamani, vya asili au vya kutengenezwa, vilivyo juu ya kitako cha metali ya kawaida, cha kabidi ya metali au cha sameti. Waliotunga sheria waliijua kabidi iliyobeba almasi, na wakaiita kitako. Kitako kinaweza kuwa kizito kadiri kinavyotaka. Hakiwi makali kwa sababu ya uzito wake. Angalia msumeno wa duara wa kukatia marumaru: karibu wote ni chuma, na almasi imo kwenye vipande vichache vya ukingoni. Hata hivyo nafasi yake ni 6804.21, pamoja na mawe ya kunolea, kwa kuwa si meno ya chuma yanayokata. Marekani nayo, ambayo mwaka 2009 ilitoza ushuru wa kuzuia bei za kutupa kwa misumeno ya almasi kutoka China na Korea Kusini chini ya 8202 na 8206, ilibidi mwaka 2011 iongeze 6804.21 kwenye orodha hiyo kwa ombi la forodha yake.

Je, kila kipande chenye almasi na kabidi kiende Sura ya 71? Hapana, na hapa natofautiana pia na wale wanaodai kwamba almasi ni almasi. Kikataji cha milimita 13 au 19, kilichokwisha chongwa na kusubiri kulehemiwa kwenye biti ya kuchorongea miamba, ni sehemu ya biti, 8207.19 inataja sehemu waziwazi, na Sura ya 71 yenyewe huvitoa nje vifaa vya Sura ya 82 vya aina hii. Sahani nzima ni jambo jingine. Kanuni ya 2(a) ya kufasiri HS hukubali kitu kisichokamilika iwapo tayari kina sifa ya msingi ya kile kitakachokuwa, kwa mfano umbo lake. Sahani hii leo inaweza kukatwa kwa leza iwe ncha za kuchongea alumini, kesho meno ya msumeno wa mbao. Haina umbo la chochote. Kwa maoni yangu ni 7104.91.

Itasemwa kwamba 71.04 haipokei vito vilivyopachikwa. Lakini kupachika ni kuchukua kito kilichokamilika na kukitia mahali. Hapa tabaka la almasi halikuwahi kuwapo bila kabidi.

Nashuku kwamba kinachowakimbiza wengi kutoka Sura ya 71 si sheria bali hofu ya cheti cha Mpango wa Kimberley, ule wa almasi ghafi. Hofu hiyo haina msingi: mpango huo, ulioanza mwaka 2003, unahusu almasi ghafi za 7102.10, 7102.21 na 7102.31 tu. Almasi duni za asili za Mbuji-Mayi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zinazokwenda viwandani zinakihitaji. Sahani ya kiwandani haikihitaji.

Kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye viwango vinne vya ushuru wa pamoja (asilimia 0, 10, 25 na 35) tangu Julai 2022, jambo lililobaki gumu ni vipande vya pembetatu na mraba vilivyokatwa lakini ankara haisemi vinaenda kwenye kifaa gani. Mwagizaji aambatanishe mchoro wa kifaa, na aombe uamuzi wa awali wa uainishaji kabla mzigo haujapakiwa. Pasipo mchoro, ningevihesabu pamoja na sahani, ingawa nakiri kwamba Kamati ya HS ingeweza kuona vingine.