Mifupa ya Mtwapa na Tarihi ya Kilwa

Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti unaotuhusu sisi watu wa mwambao kuliko habari nyingi zitokazo maabara. Wataalamu, miongoni mwao Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya, na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard, walichambua vinasaba, yaani DNA, vya watu 80 wa kale. Wengi wao walizikwa baina ya 1250 na 1800 katika miji ya Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na Lindi.

Shauri lenyewe ni la zamani. Tarihi ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, yasimulia juu ya baba na wanawe sita waliotoka Shirazi katika merikebu saba, kila mmoja akashuka mahali pake. Aliyefika Kilwa alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Wasomi wa zama za ukoloni waliishika hadithi hiyo kwa mikono miwili, wakahukumu kwamba miji ya mawe ni kazi ya wageni. Baada ya uhuru mizani ikainamia upande wa pili. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, katika miaka ya 1980, ulionyesha mji ulioanza karne ya 8 kwa udongo na miti, ukakua papo hapo, msikiti juu ya msikiti. Wanaisimu nao walikwisha kuthibitisha kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Ushirazi ukaonekana kuwa ni joho la kujipambia tu, na mzee aliyejiita Mshirazi akawa kama mtu anayeukana ukoo wake.

Mifupa imesema nini? Imesema kwamba Waafrika na Waajemi walianza kuchanganya damu kufikia mwaka 1000 hivi, wakati Uislamu ulipokuwa ukienea mwambaoni. Kabla ya 1500 hivi, asili ya Asia iliyomo katika miili ile ni ya Uajemi zaidi, pamoja na sehemu ndogo ya Kihindi. Baada ya hapo ya Uarabuni ikazidi. Kwa hiyo wazee wa Kilwa hawakutunga uwongo.

Lakini kuna jambo ambalo tarihi, iliyojaa majina ya masultani na wana wao, haikulishughulikia. Mtu hurithi vinasaba vya mitokondria kwa mama peke yake, na kromosomu Y mwanamume huipata kwa baba. Upande wa mama, wafu hawa karibu wote ni Waafrika. Upande wa baba, wengi ni wa Asia. Na ukijumlisha urithi wote, kwa wengi wao zaidi ya nusu ni wa Afrika. Wageni walikuwa wanaume, nao waliingia katika nyumba zilizokwisha kuwapo.

Waliingiaje? Vinasaba havitofautishi ndoa na nguvu, na ni haki tuliseme hilo. Hata hivyo mimi naelekea kuamini kwamba kwa sehemu kubwa walipokewa. Katika miji yetu mingi ya kale bwana arusi ndiye ahamiaye kwa mkewe, na nyumba ni ya binti. Tena watoto walisema lugha ya mama zao; laiti akina baba wangalitawala kila kitu, leo tungekuwa tunaandika kwa Kifarsi.

Tahadhari moja haina budi. Makaburi mengi yaliyochimbwa ni ya watu wenye nafasi, waliozikwa karibu na misikiti. Mvuvi na mkulima wa viungani huenda walikuwa na nasaba nyingine, na vizazi vya baadaye vimeongeza mchanganyiko mwingine juu ya ule. Anayetaka kuutumia utafiti huu kupima nani ni Mswahili halisi atakuwa ameutwisha mzigo usio wake.

Huko Mtwapa Kusimba aliomba kwanza ridhaa ya wenyeji. Kufukua, kuchukua sampuli na kuwazika tena wafu kulimalizika katika msimu mmoja. Na huko Kilwa, masimulizi ya mdomo yaliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20 yanaikumbuka ndoa ya Mshirazi aliyekuja na binti wa Mrimba, mzee wa kisiwa.